Begi Dogo la Keria ya Mbele: Anza na Kitako

Mtu akienda kununua begi la mbele la baiskeli, kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua zipu. Anahesabu mifuko ya ndani, anauliza kama ipo rangi nyingine, analivaa begani ajitazame. Kitako hakigeuzi. Na kitako ndicho kinachoamua kama begi litakaa wima mwaka mzima au litabonyea katikati na kuanza kulamba tairi kabla masika haijaisha.

Tanga hakuna haja ya kumfundisha mtu baiskeli. Mji ni tambarare, barabara za namba za Ngamiani zimenyooka, na kutoka Makorora hadi Raskazone hukutani na mlima wa kukushusha chini. Keria ya nyuma tunaijua: gunia, dumu, abiria. Ya mbele ndiyo inayokosewa, kwa kuwa wengi huichukulia kama keria ya nyuma iliyohamishwa tu. Mzigo wa nyuma unakufuata. Wa mbele unageuka pamoja na usukani, kwa hiyo kila kilo unayoweka pale unaihisi mikononi kwenye kila kona na kila shimo.

Ndiyo maana hapa nazungumzia begi dogo. Kazi yake ni kubeba vile unavyotaka kuvifikia bila kushuka: simu, pochi, chupa ya maji, koti la mvua, pampu fupi, viraka na solusheni, spana ya 14 na ya 15. Mchele wa wiki una mahali pake, na mahali pake ni nyuma.

Ukubwa unapimwa hivi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000, jibu ni lita. Begi la sentimita 28 kwa 15 kwa 18 linakupa lita saba na nusu. Kwa matumizi ya mjini, lita tano hadi nane zinatosha. Chini ya tano, koti la mvua na chupa vinagombana. Juu ya kumi, utalijaza, kwa sababu nafasi ikiwepo hujazwa, na baiskeli itaanza kukuvuta upande. Usiamini namba za lita zilizoandikwa kwenye lebo bila kupima, maana wengine huhesabu na mifuko ya nje.

Kuhusu uzito, kilo tatu ni kikomo kizuri kwa mtu anayetaka baiskeli ibaki kuwa baiskeli. Huhitaji mizani. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili na chupa ya maji ya lita moja, viweke ndani ya begi, zunguka mtaa mzima. Punguza mwendo uwe kama wa mtu anayetembea, halafu kata kona. Ukiona usukani unataka kuangukia ndani ya kona wenyewe, ama mzigo umekaa juu mno, ama umekaa mbele mno. Begi lisogee nyuma hadi karibu kugusa shingo ya baiskeli, na lishuke hadi lilale juu ya keria kabisa. Sentimita tano za kurudi nyuma zina faida kuliko kupunguza nusu kilo.

Kabla ya jaribio hilo, kagua gololi za shingo. Bana breki ya mbele, shika usukani, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga "tok, tok" shingoni, nati imelegea au gololi zimekwisha. Mzigo wa mbele hauleti ugonjwa huo, ila unauanika: gurudumu linatetemeka mara tu unapolegeza mikono. Watu hulaumu begi, wakabadilisha begi, na tetemeko likabaki palepale.

Sasa baiskeli yenyewe, maana begi linachaguliwa kwa kufuata baiskeli. Nyingi unazozikuta hapa ni za aina mbili: zile ndefu za inchi 28 zenye breki za vyuma, kama Phoenix, na zile za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele.

Tuanze na ya breki za vyuma, kwa kuwa ndiyo yenye mtego. Inama utazame mbele ya shingo huku mwenzako akibana mkono wa breki ya mbele. Kuna chuma cha kusimama kinachopanda juu. Kikipanda kinavuta kile cha umbo la U chini yake, ambacho kina vipande viwili vya mpira, na vipande hivyo vinabana ringi kutokea upande wa ndani, ule unaotazama ekseli. Safari yote ya kile chuma ni fupi sana. Sasa chukua begi lenye mkanda wa nyuma ambao mtengenezaji alitaka uzungushwe shingoni. Ukiuzungusha, umekifunga kile chuma pamoja na shingo. Breki itakuwa nzito, na ukiiachia haitarudi. Mipira itaendelea kusugua ringi, nawe utaona baiskeli "imekuwa nzito leo". Begi likikiegemea tu, bila mkanda, matokeo ni yaleyale likijaa.

Kwa baiskeli hiyo, acha sentimita tatu wazi kati ya mgongo wa begi na chuma cha breki. Begi lisishikwe na shingo. Lishikwe na keria. Mwambie fundi wa kuchomelea: "Fundi, nikunjie kitanzi cha kusimama nyuma ya keria, kimo sentimita 12." Mgongo wa begi unafungwa kwenye kitanzi hicho na mambo ya breki yanabaki ya breki. Ukimaliza, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, bana, achia. Lisipozunguka bure baada ya kuachia, kuna kitu kinagusa.

Kosa lingine la keria za kuchomelewa ni pale zinaposhikwa juu. Miguu ya keria inaingia kwenye ekseli, chini ya nati, kwa hiyo inageuka na gurudumu. Sehemu ya juu nayo lazima ishikwe na kitu kinachogeuka. Kile kishikio cha taa kilichobanwa na nati ya shingo kwenye baiskeli hizi kinageuka pamoja na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na kinafaa. Bomba la shingo lenyewe ni sehemu ya fremu, haligeuki. Keria iliyofungwa ekseli chini na bomba la shingo juu ni usukani uliofungwa kufuli. Geuza usukani, tazama kipi kinafuata na kipi kinabaki, ndipo ufunge. Na fundi asichomelee chochote kwenye foku yenyewe. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa bomba jembamba, na foku ikikatika hupati muda wa kufikiri.

Nondo ya milimita 6 ina uzito wa gramu 222 kwa mita. Ya milimita 8 ina gramu 395. Keria ndogo yenye kitanzi inakula kama mita mbili na nusu, kwa hiyo unachagua kati ya nusu kilo na ushee au karibu kilo nzima ya chuma kabla hujaweka hata leso. Kwa begi la kilo tatu, 6 inatosha. Fundi atakushauri 8 kwa sababu amezoea kufikiria magunia. Mkatalie kwa adabu.

Baiskeli ya mtumba ya Japani ina shida nyingine: inakuja na kikapu, na kikapu hicho chembamba chini, kipana juu. Ukitumbukiza begi la mraba, linakwama katikati na kitako chake kinaelea hewani. Mabegi mengi ya nje yanayouzwa kwa ajili ya vikapu yamekatwa kufuata kikapu cha Wald namba 137 cha Marekani, ambacho kina urefu wa sentimita 38, upana wa 25 na kina cha 12, na pande zake karibu zimenyooka. Kwa kikapu chetu cha kupanuka hilo halikai. Pima kikapu chako chini, si mdomoni, na nunua begi ambalo kitako chake kinaingia hadi chini kabisa. La sivyo, ondoa kikapu, bakiza vishikio vyake vya ekseli na vya shingo, na fungia keria hapohapo. Matundu yapo tayari.

Baiskeli zenye shokapu mbele ni habari fupi: keria ya miguu iliyoshikwa na usukani juu haifai, kwa sababu ekseli inapanda na kushuka na usukani hausogei. Kitu kitakatika. Tafuta begi la kufunga kwenye usukani tu, na ushuke hadi kilo mbili.

Turudi kwenye kitako. Pima uso wa keria yako. Nyingi ndogo zina urefu wa sentimita 15 hadi 20 na upana wa 10 hadi 13. Kitako cha begi kikizidi keria kwa zaidi ya sentimita tatu kila upande, kinahitaji ubao ndani, vinginevyo pembe zitaning'inia. Bonyeza kitako kwa dole gumba katikati. Kikizama kama godoro, ndani kuna kadibodi, na kadibodi yetu huku pwani inakufa kwa unyevu hata bila mvua. Ikiwa begi lenyewe ni zuri lakini kitako ni laini, dawa ni dumu la lita 20. Kata ubavu uliolala bapa, uuloweke maji ya moto kidogo, uulaze chini ya tofali upoe ukiwa umenyooka, halafu kata kipande kinachopungua nusu sentimita kila upande kuliko kitako cha begi. Zungusha pembe zote, maana pembe kali itatoboa kitambaa kwa wiki chache. Usijaribu kukigandisha kwa solusheni. Plastiki ya dumu haishiki gundi, itabanduka siku ya kwanza ya jua. Toboa matundu manne, kaza kwa bolti fupi za milimita 5 zenye washa pana ndani na nje, au mpe fundi viatu akishone.

Bolti hizo zikipita kwenye keria pia, umemaliza habari ya begi kuyumba. Ila hutaweza kulitoa haraka ukifika sokoni, na begi la mbele lililoachwa kwenye baiskeli pale Mgandini lenye simu ndani ni zawadi. Kwa hiyo wengi watataka mikanda. Basi iwe mitatu: miwili chini, mmoja nyuma. Miwili ya chini inazuia begi lisiruke. Wa nyuma unazuia lisisujudu ukibana breki. Ukiwa na ya chini tu, begi linapiga saluti kwenye kila tuta. Nafasi kati ya mikanda miwili ya chini iwe angalau sentimita 12, kwani ikikaribiana begi litazunguka kama pia.

Aina ya mkanda nayo ina maana. Nailoni ikilowa hurefuka, kwa hiyo mkanda uliokaza asubuhi unakuta umelegea ukiwa katikati ya mvua. Polista hairefuki hivyo. Ukishika, nailoni ni laini na yenye mng'ao. Polista ni kavu kidogo mkononi. Velkro, ile inayolia "krrr" ukiifungua, ni nzuri ikiwa mpya, lakini mchanga na nyuzi za kanga hujaa kwenye vimeno vyake na baada ya msimu mmoja inashika kwa huruma. Kamba ya katani, pamoja na heshima zote kwa zao lililoujenga mkoa huu, usiifungie begi: ikilowa hufupika na fundo halifunguki tena, ikikauka hulegea. Vipande vya tyubu ya zamani, upana wa sentimita mbili, vinafaa kuliko vyote hivyo kwa mkanda wa chini. Vinanyonya mtikisiko, havitelezi kwenye chuma, na fundi yeyote wa baiskeli anavyo chini ya meza yake.

Mikia ya mikanda ikate ibaki sentimita tano, choma ncha kwa kiberiti isifumuke, kisha ichomeke ndani. Hili si la urembo. Mkia mrefu ukiingia kwenye spoku za mbele, gurudumu linasimama ghafla nawe unaendelea na safari peke yako. Madigadi hupunguza hatari, haiondoi, kwa sababu mkia unaingilia pembeni.

Kuhusu kitambaa, kuna njia mbili kuu na zote zinaheshimika. Turubai zito la pamba likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu. Carradice ya Uingereza wanashona mabegi ya namna hiyo tangu 1932. Linadumu, linashonwa upya likichanika, lakini kwa unyevu wa Tanga lisipoanikwa linaota ukungu mweusi. Njia ya pili ni turubai la plastiki, lile la malori. Ortlieb ya Ujerumani, iliyoanza 1982, wazo lake lilizaliwa kwa kutazama maturubai ya malori kwenye mvua. Angalia lakini: mabegi yao yameunganishwa kwa joto, hayakushonwa. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Begi la dukani lililoandikwa kwamba halipitishi maji, huku limeshonwa kwa sindano kila upande bila utepe ndani ya mishono, linapitisha. Ligeuze ndani nje uone mwenyewe.

Ukiamua kushonesha, na kwa saizi hii ni jambo la busara, nusu mita ya turubai la upana wa sentimita 150 inatosha. Kwa begi la 28 kwa 15 kwa 18, kata kipande kimoja kirefu cha 31 kwa 55. Hicho kinafanya mbele, kitako na mgongo bila mshono chini, na hapo ndipo maji ya tairi yanapopiga. Pande mbili ni 18 kwa sentimita 21 na nusu. Kifuniko kizidi mdomo wa begi kwa nusu sentimita kila upande na kiwe na ukingo unaoshuka sentimita tano mbele na pembeni. Mwambie fundi cherehani atumie uzi wa polista mnene, sindano ya 16 au 18, na hatua ya mshono isiyopungua milimita tatu na nusu. Mafundi wazuri wanapenda mshono wa karibu karibu. Kwenye turubai la plastiki ni kosa, kwani matundu yaliyobanana hukatika kama stempu. Akikosea asifumue na kurudia mstari uleule, matundu hayazibi. Asogee milimita tano.

Kifuniko hicho kinakuondolea zipu, na kuondokana na zipu karibu na bahari ni neema. Zipu ya chuma huku inaganda kwa chumvi. Ukilazimika, chukua ya plastiki ya meno makubwa, na uisugue kwa kipande cha mshumaa kila mwezi. Usiipake mafuta ya mnyororo. Vumbi la chokaa la njia ya Pongwe likikutana na mafuta linakuwa msasa. Bizimu za chuma za mikanda zijaribu kwa sumaku: ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa na kutu iko njiani.

Mara nyingi taa husahaulika hadi jioni. Begi likikaa mbele ya kishikio cha taa, unaangaza mgongo wa begi. Hamishia taa pembeni mwa foku au ncha ya mbele ya keria. Kwenye za Japani taa ya dinamo iko chini kando ya gurudumu, hiyo iache.

Mwisho wa ufungaji, jaza begi, kisha geuza usukani kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Waya za breki zisipinde kwa pembe kali wala kukandamizwa kati ya begi na usukani. Waya ikipindwa sana, breki inakuwa nzito na ala yake inapasuka ndani ya miezi michache. Sentimita mbili za nafasi pande zote. Kaa kwenye tandiko, kanyaga duara moja huku usukani umegeuzwa. Goti lisiguse kitu.

Kuna kero moja ambayo begi lolote la mbele linaleta na haiondoki kwa kubadilisha begi. Ukiegesha kwa stendi ya mguu mmoja, gurudumu la mbele linageuka lenyewe, baiskeli inasogea, inaanguka upande wa begi. Stendi ya miguu miwili ndiyo tiba. Usipokuwa nayo, kata pete ya tyubu, ivalishe kwenye mkono wa breki ya mbele na mshiko wa usukani, ibaki imebanwa. Gurudumu lisipobingirika, baiskeli haitoroki. Wakati wa kusi, ukiwa umeegesha upande wa bahari, elekeza begi kwenye upepo, usiliache ubavu.

Na samaki, tafadhali, hapana. Maji ya samaki kutoka soko la Deep Sea yakiingia kwenye mshono hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Weka kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, nyuma.

Baada ya wiki ya kwanza kaza tena kila nati ya keria, zile za ekseli kwanza, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa husagika na kuacha nafasi. Kaza tena baada ya mwezi. Ukiona alama nyeupe iliyosuguliwa kwenye kitako cha begi, ifuatilie: hapo ndipo keria ina ncha kali. Piga msasa, vika kipande cha tyubu.